Kuzuiliwa isivyo halali: namna ya kujenga madai yako na kuyathibitisha mahakamani

Mtu akifungiwa stoo ya duka pale soko la Mwanjelwa, Mbeya, kwa sababu hesabu ya jioni haikulingana, au akishikiliwa na mgambo katika ofisi ya kata kwa kutolipa mchango wa ujenzi, watu husema tu kwamba "aliwekwa ndani". Akitoka, ndugu humpa pole, humpikia chai, na suala huishia hapo. Mwongozo huu unamlenga yule ambaye hataki liishie hapo. Sheria ya Tanzania humhesabu mtu aliyenyimwa uhuru wa mwili wake bila uhalali kuwa ametendewa kosa la madai, na humpa haki ya kumdai fidia aliyemzuia, hata kama hakupigwa kofi na hata kama hakupoteza shilingi moja.

Haki hiyo ina mizizi miwili. Mmoja ni Ibara ya 15 ya Katiba ya mwaka 1977, inayokataza mtu kukamatwa, kufungwa, kufungiwa au kuwekwa kizuizini isipokuwa katika hali na kwa utaratibu uliowekwa na sheria, au katika kutekeleza hukumu au adhabu ya mahakama. Wa pili ni sheria ya madhara, yaani ya makosa ambayo aliyetendewa anaweza kumdai fidia aliyemtendea, tuliyoirithi kutoka Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, ambayo Sura ya 358 ya Sheria za Tanzania inaziruhusu mahakama zetu kuendelea kuitumia kwa kadiri inavyofaa mazingira ya nchi. Ndiyo maana wakili wa Mbeya leo anaweza kusimama mahakamani na kunukuu shauri la London la karne ya 19 bila mtu kushangaa. Toleo la Marekebisho la 2023 limebadilisha namba za vifungu vingi, kwa hiyo humu nitataja sheria kwa majina yake, na utakapoandika hati zako uhakikishe unasoma toleo linalotumika.

Kabla ya yote: kama ndugu yako bado yuko ndani

Usianze na fidia. Anza na kumtoa. Nenda kituoni ukiwa na mtu mwingine atakayekuwa shahidi wako, ulizia kwa upole amekamatwa kwa kosa gani na saa ngapi, kisha omba dhamana. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka mtu aliyekamatwa aambiwe sababu ya kukamatwa kwake, na afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo. Ikiwa haiwezekani kumfikisha ndani ya saa 24, polisi wanatakiwa kumfikiria dhamana, isipokuwa pale kosa linapoonekana kuwa zito. Dhamana ya polisi haitozwi fedha. Ukiambiwa utoe chochote, tambua kwamba hicho si cha dhamana, na ukumbuke jina au namba ya aliyekuambia.

Iwapo siku zinapita, hakuna shtaka na hakuna dhamana, Mahakama Kuu ina mamlaka ya kuamuru mtu huyo aletwe mbele yake na anayemshikilia aeleze kwa sheria gani anamshikilia. Kwa watu wa nyanda zetu za juu kusini zipo kanda za Mahakama Kuu Mbeya, Iringa, Songea na Sumbawanga. Maombi ya namna hiyo ni vyema yaandaliwe na wakili au mtoa msaada wa kisheria aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na husikilizwa kwa haraka kuliko shauri la kawaida.

Hatua ya kwanza: pima kama kweli ulizuiliwa

Hapa ndipo madai mengi hufa kabla hayajazaliwa, na ndipo pia watu wengi wenye madai mazuri hukata tamaa bila sababu.

Kuzuiliwa maana yake ni kufungiwa pande zote, usiwe na njia ya kutokea ambayo mtu mwenye akili timamu angeweza kuitumia bila hatari. Mwaka 1845, katika shauri la Bird dhidi ya Jones, sehemu ya daraja la Hammersmith jijini London ilizungushiwa uzio ili watu wakae na kutazama mashindano ya mashua. Bird alilazimisha kupita, akazuiwa asisonge mbele, lakini njia ya kurudi alikotoka ilikuwa wazi. Mahakama ilisema kwamba hakuzuiliwa kwa maana ya sheria hii. Vivyo hivyo, mlinzi akikukataza kuingia stendi kwa lango moja huku barabara uliyojia ikiwa wazi nyuma yako, unaweza kuwa na malalamiko mengine, lakini si haya. Lakini dirisha la ghorofa ya pili halihesabiki kuwa njia ya kutokea, wala mlango wa nyuma ambao hukuwa na namna ya kujua kama upo.

Jambo ambalo watu wengi hawalijui ni kwamba kufuli si lazima. Maneno yanatosha, ikiwa yanamfanya mtu asithubutu kuondoka. Tuchukue mfano wa binti muuza duka ambaye tajiri wake amemkalisha kwenye kiti cha plastiki ndani ya stoo, kati ya mabelo ya mitumba. Mlango uko wazi nusu, na nje yake amesimama kijana wa duka. Hakuna aliyemgusa. Ila tajiri amemwambia, "Ukitia mguu nje ya mlango huu, naita mwizi." Mtu anayelijua soko la Mwanjelwa saa tisa mchana, lilivyofurika watu, anajua kabisa kelele hiyo ina maana gani kwa anayepigiwa. Binti huyo amefungwa barabara kuliko ambavyo komeo lolote lingemfunga, na hakimu aliyekulia nchi hii ataelewa hivyo, mradi maneno yale yamethibitishwa kama yalivyotamkwa. Vitendo vinavyofanana na hivyo ni kunyang'anywa simu na kitambulisho, kuvuliwa viatu, au kupandishwa bajaji katikati ya watu wawili na kupelekwa ambako hukuchagua kwenda.

Muda hauna kipimo cha chini. Robo saa inaweza kuwa kuzuiliwa, ingawa fidia yake haitakuwa sawa na ya siku tatu. Wala si lazima uliyezuiliwa uwe ulijua wakati ule. Mahakama za Uingereza zilisema hivyo katika shauri la Meering mwaka 1919, kwamba hata aliyelala au kuzimia huku mlango umefungwa amezuiliwa. Kutojua kwake kunapunguza tu kiwango cha fidia.

Nataka nitaje hapa mgonjwa aliyepona ambaye haruhusiwi kuondoka wodini kwa sababu hajalipa bili. Nimewaona kina mama wamekaa na vichanga vyao kwenye benchi la korido, wamebeba vifurushi vyao tayari, wakiambiwa wasubiri mpaka ndugu watume hela. Deni la matibabu ni deni kama deni lingine, na mdai wa deni ana mlango wa mahakama. Hana haki ya kuushika mwili wa mdaiwa uwe rehani. Mtu huyo amezuiliwa.

Hatua ya pili: andika saa, mlango na maneno, siku ile ile

Nikiwa kijana, kabla sijawa msaidizi wa kisheria, niliwahi kukaa nyuma ya mlango wa ofisi moja ya kata huku milimani kwa sababu ya mchango wa shule ambao baba yangu hakuwa ameulipa. Nakumbuka mpaka leo sauti ya komeo la chuma likisukumwa, na baridi ya sakafu ya saruji. Lakini nilipoulizwa baadaye niliingia saa ngapi na kutoka saa ngapi, sikuweza kujibu. Nilisema "asubuhi" na "jioni". Nilipoulizwa nani alifunga mlango, nilisema "wao". Aliyenisikiliza alikuwa mtu mwema, lakini alikunja karatasi yake na kuniambia kwamba kwa maneno hayo hawezi kunisaidia. Ndiyo sababu hatua hii naitilia mkazo kuliko nyingine zote.

Mara tu utokapo, kabla ya kulala, chukua daftari na uandike yafuatayo kwa mkono wako. Andika saa uliyozuiliwa na namna unavyoijua, kwa mfano "adhana ya adhuhuri ilikuwa imeshasikika" au "nilikuwa nimetoka kupigiwa simu na mama". Kumbukumbu ya simu itaonyesha dakika kamili, nayo itaubeba ushahidi wako. Andika saa kwa Kiswahili na uongeze maneno ya asubuhi, mchana au usiku, kwa sababu "saa tano" ya shahidi imewahi kugeuka kuwa 5:00 kwenye karatasi ya mtu aliyetafsiri kwa haraka, na shahidi akaonekana mwongo kwa kosa lisilo lake. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, lakini hati za zamani na tabia za zamani bado zipo.

Kisha eleza chumba: kina milango mingapi, kinafungwa kwa komeo, kitasa au kufuli, na kinafungwa kutoka upande gani. Chora ramani ndogo hata kama hujui kuchora. Kama unaweza kupita baadaye ukiwa nje na kupiga picha mlango bila kuingia eneo la mtu, fanya hivyo. Andika majina ya waliokuwepo, au sifa zao kama huyajui majina. Andika maneno waliyoyasema kama yalivyotoka kinywani, hata yakiwa ya matusi, usiyalainishe. Kama ulisema "naomba niondoke", andika ulisema mara ngapi na ulijibiwa nini, kwa maana utetezi ambao utakutana nao mara nyingi ni huu: "Hatukumzuia, alikaa mwenyewe kusubiri suala liishe."

Vipo pia vitu ambavyo havimngojei mtu. Kamera za ulinzi za maduka na benki hufuta picha za zamani kadiri zinavyorekodi mpya, kwa hiyo ndani ya siku chache mwandikie mwenye kamera barua ya kumtaka ahifadhi picha za siku na saa fulani, na ubaki na nakala aliyoisaini au kuigonga muhuri. Ujumbe wa muamala wa fedha uliotumwa ili uachiwe usifutwe. Kama ulilazimishwa kuandika karatasi ya kukiri deni au wizi, usihangaike sana kwa kuwa uliisaini. Sahihi ya mtu aliyefungiwa si sahihi ya hiari, na karatasi hiyo yenyewe inaweza kuwa ushahidi wako mkubwa, kwani inaonyesha tarehe, mahali na waliokuwepo. Jaribu kupata nakala.

Nenda kituo cha polisi uchukue RB (namba ya kumbukumbu ya taarifa yako), kwa sababu kumfungia mtu isivyo halali ni kosa la jinai pia chini ya Kanuni ya Adhabu, na namba ya taarifa yako inathibitisha kwamba ulilalamika mapema. Kama uliumizwa, omba PF3 (fomu ya polisi ya matibabu) na uende hospitali siku hiyo hiyo. Kama waliokushikilia ni polisi wenyewe, ripoti kwa maandishi kwa ngazi ya juu yao, wilayani au mkoani, na baki na nakala.

Hatua ya tatu: elewa mzigo wa ushahidi uko kwa nani

Katika mashauri ya madai anayedai ndiye mwenye kuthibitisha, na kipimo ni mizani ya uwezekano: mahakama itazame ushahidi wa pande zote mbili na kuona upi una uzito zaidi. Huhitaji kuondoa kila shaka kama katika jinai, na sheria haiweki idadi ya mashahidi. Shahidi mmoja wa kuaminika anatosha.

Ila katika kosa hili kuna jambo la pekee ambalo linapaswa kukutia moyo. Wewe unathibitisha kwamba ulizuiliwa na kwamba mdaiwa ndiye aliyekuzuia au aliyeagiza uzuiliwe. Ukishafika hapo, mzigo unahama. Huna wajibu wa kuthibitisha kwamba hukuiba, wala kwamba hukuwa unadaiwa. Aliyekuzuia ndiye anayepaswa kusimama na kuonyesha sheria iliyomruhusu. Wala hawezi kujitetea kwa kusema tu kwamba alidhani kwa moyo mweupe kuwa wewe ni mwizi. Nia njema inaweza kumpunguzia fidia, lakini haiugeuzi uharamu kuwa halali.

Kwa hiyo mpime yeye kulingana na alivyo.

Ni mtu binafsi, mwenye duka, mlinzi wa kampuni au msimamizi wa shamba la chai? Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamruhusu raia kumkamata mtu anayetenda makosa fulani mbele ya macho yake, na kisha inamtaka amkabidhi polisi bila kuchelewa pasipo sababu. Maneno hayo yana mipaka miwili mizito. Mwenye duka aliyegundua upungufu jioni na kuwafungia wauzaji wote wanne "mpaka mwizi ajitaje" hakuona mtu yeyote akitenda kosa. Na hata aliyemkamata mtu mkono ukiwa ndani ya droo hana ruhusa ya kumkalisha stoo kutwa nzima amhoji, ampekue na kumwita mzazi alete fidia. Shauri la Uingereza la Christie dhidi ya Leachinsky, la mwaka 1947, liliweka wazi kwamba anayekamatwa aambiwe sababu halisi, na mahakama zetu zinaifuata kanuni hiyo, ambayo sasa imeandikwa pia kwenye sheria yetu. Lakini nisiwapotoshe: muda mfupi wa kumpeleka mshukiwa kwa meneja ili aamue kama polisi waitwe ulionekana kuwa wa haki katika shauri la John Lewis dhidi ya Tims la mwaka 1952. Kinachotazamwa ni kama muda ule ulitumika kumkabidhi, au ulitumika kumbana.

Ni polisi? Mwulize kama alikuwa na hati ya kukamata, na kama hakuwa nayo, ni kosa gani alilolishuku na kwa sababu zipi. Deni la mbolea, kodi ya pango au mkopo wa kikundi si kosa la jinai, na mtu kuwekwa sero "mpaka alipe" hakuna msingi wowote. Hata ukamataji ulioanza kihalali unaweza kuharamika njiani, pale muda unapozidi bila mtu kufikishwa mahakamani wala kupewa dhamana. Kitabu cha mahabusu cha kituo kina saa ya kuingia na ya kutoka, na mahakama inaweza kuamuru kiletwe. Kiombe mapema.

Ni mkuu wa wilaya au mkuu wa mkoa? Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inawapa mamlaka ya kuagiza mtu akamatwe, lakini katika mazingira maalumu, hasa pale amani inapotishiwa, na inawataka waandike sababu. Kizuizi hicho hakiwezi kuzidi saa 48 bila mtu kufikishwa mahakamani, na kuyatumia mamlaka hayo vibaya ni kosa. Kumweka ndani mtumishi aliyechelewa kikaoni hakulingani na maneno ya sheria ile hata kidogo. Omba nakala ya sababu zilizoandikwa. Isipokuwepo, hoja yako imepata nguvu.

Ni mtendaji wa kijiji au wa kata, mgambo au sungusungu? Huku kwetu hili ndilo linalogusa watu wengi zaidi. Hata pale sheria inapowapa uwezo wa kukamata, uwezo huo ni wa kumfikisha mtu polisi au mahakamani. Mchango uliowekwa kwa sheria ndogo hudaiwa kwa kumshtaki asiyelipa Mahakama ya Mwanzo. Chumba cha nyuma cha ofisi ya kata si mahabusu, na mke kushikiliwa ili mume ajitokeze hakuna sheria inayoruhusu jambo hilo popote.

Hatua ya nne: usichanganye na mashtaka ya hila

Haya ni madai mawili tofauti na watu huyachanganya kila siku. Ukikamatwa, ukashtakiwa mahakamani, ukaachiwa huru baada ya mwaka, na unadai kwamba aliyekushtaki alifanya hivyo kwa chuki, hayo ni madai ya mashtaka ya hila. Katika shauri la Jeremiah Kamama dhidi ya Bugomola Mayandi, lililoripotiwa mwaka 1983, mahakama ilieleza mambo ambayo mdai lazima ayathibitishe yote: kwamba alishtakiwa, kwamba kesi iliisha kwa upande wake, kwamba hakukuwa na sababu ya maana ya kumshtaki, kwamba mdaiwa aliongozwa na nia mbaya, na kwamba mdai aliathirika. Huo ni mlima mrefu. Katika kuzuiliwa isivyo halali huhitaji kuthibitisha nia mbaya wala kushinda kesi ya jinai.

Mpaka kati ya hayo mawili ni amri ya hakimu. Siku hakimu alipoamuru uende rumande, kuanzia hapo ulishikiliwa kwa amri ya mahakama, na muda huo hauhesabiki katika madai haya. Hesabu saa zako kuanzia mlango ulipofungwa hadi ulipoingia mahakamani.

Vilevile, jirani aliyewapa polisi taarifa tu, nao wakaamua wenyewe kukukamata, hawajibiki kwa kuzuiliwa kwako, hata kama taarifa yake ilikuwa na makosa. Aliyesimama na kusema "mkamateni huyu, mtieni ndani, mimi nitakuja kesho" anaweza kuwajibika, kwa kuwa amewafanya polisi kuwa mikono yake. Ndiyo maana maneno kamili yana uzito kuliko majina ya watu.

Hatua ya tano: nani ashtakiwe, wapi, na ndani ya muda gani

Mwajiri huwajibika kwa kitendo cha mfanyakazi wake alichokitenda katika kazi yake. Mlinzi akikufungia kwa ajili ya duka, mdaiwa anaweza kuwa mlinzi, kampuni yake ya ulinzi, na mwenye duka aliyeagiza, wote pamoja.

Madai dhidi ya mtu binafsi au kampuni hufunguliwa Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, ambazo husikiliza madai ya fedha hadi shilingi milioni 200. Kinachopima uwezo wa mahakama ni fidia mahsusi, yaani hasara inayohesabika. Fidia ya jumla, ile ya kunyimwa uhuru wenyewe, aibu na fadhaa, haitumiki kupimia, na Mahakama ya Rufani imeshalisema hilo. Mahakama ya Mwanzo haifai kwa madai haya, maana hayatokani na sheria za mila.

Dhidi ya polisi, halmashauri au ofisi nyingine ya Serikali, Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali inataka kwanza utoe notisi ya siku 90 kwa ofisi husika, na nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na Wakili Mkuu wa Serikali. Siku hizo zikiisha, shauri linafunguliwa Mahakama Kuu, na tangu marekebisho ya mwaka 2020 Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe kama mdaiwa. Ukimwacha, shauri lote linaanguka, haidhuru ushahidi wako uwe mzuri namna gani. Nimeona watu waliotembea kutoka vijiji vya ndani vya Makete wakirudi mikono mitupu kwa sababu ya jina moja lililokosekana kwenye karatasi, na sina neno la kuwafariji zaidi ya kukuonya wewe.

Kuhusu muda, Sheria ya Ukomo inatoa miaka 3 kwa madai ya madhara. Lakini sheria hiyo hiyo inatoa mwaka 1 tu kwa madai ya fidia juu ya kitendo kinachodaiwa kutendwa kwa kutekeleza sheria iliyoandikwa, na polisi au mtendaji atakimbilia hapo. Jihesabie mwaka mmoja, na humo humo uweke zile siku 90. Kwa maana hiyo notisi inapaswa itoke ndani ya miezi michache ya kwanza.

Hatua ya sita: hati ya madai na siku ya kusikilizwa

Hati ya madai ieleze majina na anuani za pande zote, tukio kwa mfuatano wa saa, mahali lilipotokea, kwa nini mahakama hiyo ina mamlaka, na unachoomba. Sentensi inayobeba shauri ni moja: kwamba tarehe fulani, kuanzia saa fulani hadi saa fulani, katika chumba fulani, mdaiwa alimzuia mdai asiondoke, kwa namna hii na hii, bila uhalali wowote wa kisheria. Usiijaze hasira. Hasira iache itoke katika matukio yenyewe.

Mdaiwa ana siku 21 za kuleta utetezi wa maandishi. Kisha hufuata usuluhishi ndani ya mahakama, na nakushauri uende ukiwa umejua kiwango cha chini utakachokikubali, maana mashauri mengi ya duka na mfanyakazi yanaweza kumalizika pale kwa fidia ya haraka na barua ya kuomba radhi.

Siku ya ushahidi, anza na mlango. Simulia ulivyoingia, nani alisimama wapi, ulisema nini, ulijibiwa nini, ulitokaje. Mashahidi wako waseme walichokiona na kukisikia wenyewe. Dada aliyekuja mlangoni na chakula akakataliwa kuingia ana thamani kuliko wajomba watano waliosimuliwa baadaye. Picha na ujumbe wa simu vipokelewe kwa kufuata Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, kwa hiyo uwe tayari kueleza simu ni ya nani, picha ilipigwa lini na imehifadhiwa vipi. Wakili wa upande wa pili atakuuliza, "Mlango ulikuwa wazi, kwa nini hukutoka?" Jibu kwa utulivu na kwa maneno yale yale uliyoyaandika daftarini usiku ule.

Hatua ya saba: fidia

Fidia mahsusi ni mshahara uliokatwa, nauli, matibabu, fedha uliyotoa ili uachiwe. Kila shilingi itajwe kwenye hati ya madai na ithibitishwe kwa ukali, kama Mahakama ya Rufani ilivyosisitiza katika shauri la Zuberi Augustino dhidi ya Anicet Mugabe. Risiti isiyokuwepo ni hasara isiyolipwa. Fidia ya jumla ni ya kunyimwa uhuru wenyewe, aibu na fadhaa, na hii hakimu huipima kwa busara yake, akitazama muda, mazingira na jinsi ulivyotendewa. Mweleze basi: kwamba ulizuiwa kwenda haja, kwamba mtoto anayenyonya aliachwa nyumbani, kwamba wateja walikuwa wakichungulia. Pale mtumishi wa umma alipotumia madaraka kwa ukandamizaji unaweza kuomba pia fidia ya adhabu, lakini iombe waziwazi kwenye hati.

Asiyeridhika na hukumu ya Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi ana siku 90 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Ukishinda na mdaiwa asilipe, hukumu haijitekelezi yenyewe. Unarudi mahakamani kuomba ikazwe, na una miaka 12 ya kufanya hivyo. Mali ya Serikali haikamatwi. Unachukua hati maalumu ya mahakama inayoonyesha kiasi unachodai na kuiwasilisha ofisi husika ili ilipe. Nakala ya hukumu iliyogongwa muhuri na lile daftari la siku ya kwanza vitunze pamoja mpaka shilingi ya mwisho iingie.